Je, Wajua? Kalori Zako za Siku, Hesabu kwa Hesabu

Mtu akitaka kupunguza uzito, ushauri humjia kutoka kila upande: acha ugali, kunywa maji ya ndimu asubuhi, lala bila kula. Safu ya leo inashika swali moja tu: mwili wako unahitaji kalori ngapi kwa siku, na upunguze ngapi ili uzito ushuke bila kujidhuru? Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Ukiifanya vizuri utagundua kwamba sehemu kubwa ya kazi inafanyika jikoni, kwenye mafuta na sukari, na kwamba njaa kali haina nafasi ndani yake.

KALORI NI KITU GANI?

1. Je, wajua kwamba kalori ilianza kutumika kwenye mashine kabla ya kuingia kwenye chakula? Mwanasayansi Mfaransa Nicolas Clément aliitumia katika mihadhara yake mjini Paris kati ya 1819 na 1824, akieleza injini za mvuke. Kalori moja ya chakula, ambayo wataalamu huiita kilokalori, ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi.

2. Je, wajua kwamba mnyama mdogo, simbilisi, ndiye aliyeonyesha kuwa kuishi ni kuchoma? Mnamo 1783 Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walitoa taarifa ya majaribio ambamo walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima maji ya barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake. Wakahitimisha kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole.

3. Je, wajua nani alitupa namba tunazotumia hadi leo? Ni Mmarekani Wilbur Atwater wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimbo la Connecticut. Katika miaka ya 1890 alijenga chumba maalumu ambamo mtu aliishi kwa siku kadhaa huku chakula, pumzi na joto la mwili wake vikipimwa. Kazi yake ndiyo iliyotupatia kanuni hii: gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Kilevi kina 7.

4. Baadhi ya pakiti za dukani huandika kilojuli badala ya kalori. Gawanya namba hiyo kwa 4.2 utapata kalori. Angalia pia kama namba ni ya gramu 100 au ya pakiti nzima. Hapo ndipo wengi hudhani wamekula kidogo.

MWILI UNATUMIA WAPI?

5. Je, wajua kwamba unatumia kalori nyingi ukiwa umelala kitandani kuliko unazotumia kwenye mazoezi? Kwa watu wengi, asilimia 60 hadi 70 ya kalori za siku huishia kwenye kazi zisizoonekana: moyo kupiga, mapafu kupumua, ini na figo kusafisha, mwili kujipasha joto. Ubongo peke yake ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu unayotumia ukiwa umepumzika.

6. Hata kusaga chakula kuna gharama. Mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori za protini katika kuimeng'enya na kuisharabu. Kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10, na kwa mafuta ni 0 hadi 3. Ndiyo sababu moja ya kuhakikisha kila mlo una maharage, choroko, dagaa, samaki au yai.

7. Je, wajua kwamba kisingizio cha "umri umenifanya ninenepe" hakina nguvu kabla ya miaka 60? Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nguvu hubaki yale yale kuanzia miaka 20 hadi 60. Baada ya hapo hushuka kwa asilimia 0.7 hivi kwa mwaka. Kinachobadilika mtu akiingia miaka ya 30 na 40 ni kazi anayofanya, usingizi anaopata na sahani anayokula.

8. Je, wajua kwamba moja ya tafiti mashuhuri kuhusu unene duniani ilifanyika kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania? Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipima nguvu inayotumiwa na watu hawa wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Watafiti walitarajia namba kubwa sana. Lakini baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya siku hayakutofautiana na ya Wamarekani na watu wa Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Tembea kwa ajili ya moyo, mifupa na usingizi wako. Uzito utaushughulikia zaidi kwenye chakula.

TUSHIKE KALAMU

9. Je, wajua kwamba kanuni inayopendwa zaidi na wataalamu wa lishe ni ya mwaka 1990? Ilitungwa na Mifflin, St Jeor na wenzao baada ya kupima watu 498 huko Marekani. Inakupa kalori ambazo mwili ungetumia ukikaa umepumzika siku nzima:

Mwanamke: (10 × uzito kwa kilo) + (6.25 × urefu kwa sentimita) − (5 × umri) − 161.

Mwanamume: (10 × uzito kwa kilo) + (6.25 × urefu kwa sentimita) − (5 × umri) + 5.

10. Jibu ulilopata lizidishe kwa kiwango cha shughuli zako. Mtu wa kukaa, kama dereva, karani au fundi cherehani asiyefanya mazoezi, azidishe kwa 1.2. Anayetembea kiasi au kufanya mazoezi mepesi siku moja hadi tatu kwa wiki, 1.375. Mwenye mazoezi ya wastani siku tatu hadi tano, 1.55. Anayefanya kazi ya nguvu karibu kila siku, kama kubeba mizigo sokoni, 1.725.

11. Tuchukue mfano wa mama mwenye miaka 38, kilo 82 na urefu wa sentimita 160. Ana duka, husimama kiasi, hutembea kwenda na kurudi. Uzito unampa 820. Urefu unampa 1,000. Jumla 1,820. Umri unatoa 190, zinabaki 1,630. Toa 161, zinabaki 1,469. Hizo ni kalori za kupumzika tu. Zidisha kwa 1.375, unapata takriban 2,020. Akila 2,020 kila siku, uzito wake utabaki palepale.

12. Sasa mwanamume wa miaka 45, kilo 95, sentimita 172, dereva wa daladala. 950 jumlisha 1,075, toa 225, jumlisha 5: anapata 1,805. Kwa kuwa anashinda kwenye usukani, anazidisha kwa 1.2 na kupata takriban 2,170. Tazama: ana kilo 13 zaidi ya yule mama, lakini anamzidi kidogo sana katika matumizi. Kukaa ndiko kunakomkaba.

13. Je, wajua kosa la kawaida zaidi katika hesabu hii? Ni kuchagua kiwango cha shughuli cha mtu unayetamani kuwa. Ukiwa na shaka kati ya viwango viwili, chukua cha chini.

14. Upunguze ngapi? Wataalamu wengi hushauri upungufu wa kalori 500 hivi kwa siku, na wakati mwingine hadi 750 kwa mwenye mwili mkubwa. Mama wa duka atalenga 1,520 na dereva 1,670. Kwa mpango huo uzito hushuka kwa takriban nusu kilo kwa wiki mwanzoni. Kasi salama kwa watu wazima wengi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki.

15. Je, wajua kwamba kuna sakafu ambayo hupaswi kuivuka peke yako? Mwanamke asishuke chini ya kalori 1,200 na mwanamume chini ya 1,500 bila daktari au mtaalamu wa lishe kumsimamia. Chini ya hapo ni vigumu kupata madini na vitamini za kutosha, misuli huliwa pamoja na mafuta, na kupungua kwa kasi huongeza hatari ya mawe kwenye kibofu cha nyongo.

16. Namba hii ni makadirio. Hata kanuni nzuri huweza kumkosea mtu kwa asilimia 10 au zaidi. Ishike kwa wiki tatu, kisha uulize mizani. Uzito ukishuka kwa kasi ya afya, endelea. Ukisimama, punguza kalori 100 au 150, au pima upya unachokula. Ukishuka kwa zaidi ya kilo moja kila wiki baada ya wiki mbili za kwanza, ongeza chakula.

17. Hesabu huchakaa. Mama wetu akifika kilo 72, mwili wake utahitaji takriban 1,880 kwa siku badala ya 2,020, kwa sababu mwili mdogo una gharama ndogo. Rudia hesabu kila unapopungua kilo tano.

TUINGIE JIKONI

18. Je, wajua kwamba kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120? Haijalishi ni ya alizeti, mawese, nazi au zeituni: mafuta ni mafuta, kila gramu ni kalori 9. Gramu 100 za sukuma wiki mbichi hazifiki kalori 40. Ukiunga fungu la mboga kwa vijiko vitatu vya mafuta, karibu kalori zote za bakuli hilo zimetoka kwenye chupa.

19. Tazama chapati inavyotengenezwa. Donge la unga wa ngano wa gramu 60 lina kalori kama 215. Linasukumwa, linapakwa mafuta, linakunjwa na kusukumwa tena, kisha linamwagiwa mafuta kila upande kwenye kikaango. Likinywa kijiko kikubwa kimoja kwa jumla, chapati inafika 335. Ukitumia kijiko cha chai badala ya kikubwa, inashuka hadi 255. Kwa chapati tatu umeokoa kalori 240, karibu nusu ya upungufu wa siku nzima, na bado umekula chapati tatu.

20. Je, wajua namna rahisi ya kuhesabu kalori katika familia inayokula sufuria moja? Hesabu sufuria kwanza, sahani baadaye. Nusu kilo ya unga wa sembe ina kalori kama 1,800. Ugali huo ukigawanywa kwa watu watano sawasawa, kila mmoja amekula 360. Robo kilo ya maharage makavu ina kama 840. Weka vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, 360. Malizia kwa kikombe cha tui zito la nazi, 550. Jumla 1,750, watu watano, kila mmoja 350. Punguza mafuta yawe kijiko kimoja, ruka tui siku hiyo, weka nyanya na kitunguu zaidi: kila mmoja anapata 190. Kiasi cha maharage ni kile kile na protini yake ni ile ile.

21. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa kina kalori 16. Kikijaa kilima, zaidi ya hapo. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni gramu 36 za sukari na kalori 144. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, na linasema ni bora zaidi isizidi asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Chai hiyo imeshapita, na andazi bado halijahesabiwa.

22. Soda ya kola ya nusu lita ina sukari gramu 53 hivi, sawa na vijiko 13 vya chai, na kalori zipatazo 210. Mtu wa kilo 70 anahitaji kutembea karibu kilomita 4 kuzitumia. Bia ya nusu lita haiko mbali, huwa karibu 200.

23. Je, wajua chakula kilichoongoza kwa kushibisha katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 1995? Susanna Holt na wenzake waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakapima shibe kwa saa mbili. Viazi vya kuchemsha viliongoza, vikipata alama 323 dhidi ya 100 za mkate mweupe. Viazi hivyo hivyo vilipokaangwa vikawa chipsi, alama zikaporomoka hadi 116. Gramu 200 za viazi vya kuchemsha zina kalori kama 175. Gramu 200 za chipsi zina kama 600, na hapo mayai ya zege (chipsi mayai) bado hayajawekwa.

24. Je, wajua kwamba ugali hauna kosa? Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha walichokula wanariadha kumi wa Kenya wa kiwango cha juu kwa wiki moja. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga, na ugali ulikuwa mbele ya vyakula vyote. Walikula takriban kalori 3,000 kwa siku na walikuwa wembamba, kwa sababu walitumia nyingi kuliko hizo. Upunguze ugali kwa kipimo, usiufukuze mezani.

25. Wapo wanaoshangaa kufunga mwezi mzima wa Ramadhani na kumaliza wakiwa wameongezeka. Mwili hujumlisha kalori za saa 24. Futari ya mihogo ya tui zito, sambusa, bajia, kaimati zilizochovywa kwenye shira na gilasi mbili za juisi yenye sukari inaweza kulipa deni lote la mchana kabla ya daku. Tende, uji, supu, samaki na mboga hufuturisha vizuri kwa gharama ndogo zaidi.

26. Je, wajua kwamba vyakula vya viwandani hukufanya ule zaidi bila kukusudia? Mwaka 2019 Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani aliwaweka watu 20 wodini kwa mwezi. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya asili, na waliruhusiwa kula watakavyo. Kwenye vyakula vya viwandani walikula wastani wa kalori 508 zaidi kila siku. Hiyo ni karibu sawa na upungufu tunaoutafuta.

27. Na hili liwaingie wanaosema "nakula kidogo lakini sipungui". Mwaka 1992 Steven Lichtman na wenzake waliwapima watu 10 waliosema hivyo hivyo. Miili yao ilikuwa ikitumia nguvu kama kawaida. Lakini walikuwa wakiripoti chakula pungufu kwa asilimia 47 na mazoezi zaidi kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo. Kuonja mchuzi, kumalizia sahani ya mtoto, karanga za kiganjani na kipande cha muwa havikumbukwi. Andika mara tu unapokula. Jioni utakuwa umeshasahau.

MIZANI INASEMA NINI?

28. Je, wajua kwa nini wiki ya kwanza mtu hupungua kilo mbili au tatu kwa mkupuo? Mwili huhifadhi sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika karibu gramu tatu za maji. Akiba ikitumika, maji hutoka. Usisherehekee sana wiki ya kwanza, wala usikate tamaa wiki ya nne mwendo ukipungua. Jipime asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai, na ulinganishe wastani wa wiki na wiki. Mwanamke anayekaribia hedhi huweza kushika maji. Namba ya siku hizo isimtishe.

29. Mafuta yakichomwa huenda wapi? Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu: katika kilo 10 za mafuta yanayopungua mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya kaboni, na kilo 1.6 kama maji. Jasho la kuvaa nailoni ukikimbia ni maji tu. Ukinywa gilasi mbili, uzito umerudi.

30. Kanuni ya zamani, inayotokana na kazi ya daktari Max Wishnofsky ya 1958, inasema kilo moja ya mwili ni kalori 7,700 hivi. Inafaa kwa kukadiria wiki za mwanzo. Kwa safari ndefu tumia ile ya Kevin Hall na wenzake ya 2011: kila kalori 24 unazopunguza kwa siku, kwa kudumu, huondoa kilo moja mwishowe, nusu yake ndani ya mwaka wa kwanza. Zile kalori 144 za sukari ya chai, ukiziacha moja kwa moja na mengine yakibaki kama yalivyo, ni kilo 6, na 3 kati ya hizo ndani ya mwaka mmoja.

31. Je, wajua kwamba usingizi huchagua utapunguza nini? Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wa 2010, watu 10 walikula kalori zile zile pungufu kwa wiki mbili wakipewa saa 8.5 za kulala, na wiki mbili nyingine saa 5.5. Uzito ulipungua karibu sawa. Lakini walipolala kidogo, mafuta yaliyopungua yalishuka kwa asilimia 55. Pengo lilijazwa na misuli.

32. Namba moja haiwafai wote. Mwaka 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwalisha vijana 36 wa kiume kalori takriban 1,570 kwa wiki 24. Ni karibu sawa na zile za mama yetu wa duka. Lakini hawa walikuwa na uzito wa kawaida, walitembea kilomita 35 kwa wiki, na kabla ya hapo walikula zaidi ya 3,000. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, wakawa wanyonge, wenye hasira, wakiota chakula na kusoma vitabu vya mapishi. Usiazime namba ya jirani. Piga yako.

33. Chai za kupunguza tumbo zenye kuharisha hazipunguzi mafuta. Kalori hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Dawa hizo hufanya kazi zaidi kwenye utumbo mpana, na unachopoteza ni maji na madini. Bidhaa nyingine zimekutwa zimechanganywa kisirisiri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo.

34. Nani asianze hesabu hii peke yake? Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na kijana anayekua, mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari ghafla, mwenye ugonjwa wa figo, na aliyewahi kusumbuliwa na ugonjwa wa kujinyima au kujitapisha chakula. Na kama uzito unapungua bila wewe kutaka, nenda hospitali: kisukari na kifua kikuu huanza hivyo.

35. Je, wajua tabia za wale waliopungua na wakabaki hivyo? Tangu 1994 watafiti wa Marekani wana rejista ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kubaki hivyo kwa mwaka au zaidi. Kati yao, asilimia 78 hula kifungua kinywa kila siku, asilimia 75 hujipima angalau mara moja kwa wiki, na asilimia 90 hufanya mazoezi, kwa wastani wa saa moja kwa siku. Hakuna ajabu yoyote katika orodha hiyo.

36. La mwisho, nalo ndilo kubwa. Mwaka 2002 utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 82, asilimia 7 ni chini ya kilo 6. Huhitaji kurudia suruali uliyovaa ukiwa na miaka 20 ili kuokoa macho, figo na miguu yako.

Wiki hii, basi, fanya mambo matatu. Piga hesabu yako kwa kanuni ya namba 9 na 10, utoe 500. Pima mafuta kwa kijiko kila unapopika, kwa siku saba, bila kubadilisha kitu kingine. Jipime Jumatatu na Jumatatu inayofuata. Utajua mwili wako unahitaji nini kuliko mtu yeyote atakayekuuzia dawa.